Prodyuza anabadilishaje sauti ya mwimbaji mkongwe wa roki?

Besi_Nyuzi4

Wakuu, salaam. Kuna jambo linaigawa bendi yetu, na ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu wa studio kabla hatujasaini popote.

Napiga besi kwenye bendi ya roki. Mwimbaji wetu ana miaka 61. Ujanani alikuwa anapanda juu na kukaa huko huko mpaka gitaa linamsubiri ashuke. Leo nota za juu siku nyingine zinakuja, siku nyingine zinakataa, na pumzi imefupika. Ila chini kumezaliwa kitu ambacho zamani hakikuwepo: uzito, ukwaruzo kidogo, na namna ya kulitua neno ambayo kijana hawezi kuiiga. Hicho ndicho ninachotaka kisikike kwenye albamu tunayokusudia kurekodi.

Maprodyuza wawili wamekubali kazi. Wa kwanza rekodi zake zina dramu kubwa, magitaa yamepangwa tabaka juu ya tabaka, kila kitu kinang'aa. Wa pili hutumia vyombo vichache, sauti kavu, unasikia mpaka kiti kikilia mwimbaji anapojisogeza. Nusu ya bendi inamtaka yule, nusu inamtaka huyu. Mwimbaji mwenyewe anasema sauti ni yake na prodyuza yeyote ataikuta pale pale ilipo.

Mimi siamini hivyo, na sababu yangu ni wimbo mmoja. Robert Plant, aliyekuwa mwimbaji wa Led Zeppelin, amerekodi "Please Read the Letter" mara mbili. Mara ya kwanza ni 1998 akiwa na Jimmy Page, mpiga gitaa wa bendi ile ile, kwenye albamu "Walking into Clarksdale", Steve Albini akiwa kwenye mitambo. Mara ya pili ni 2007 akiwa na Alison Krauss kwenye "Raising Sand", prodyuza akiwa T Bone Burnett. Mtu yule yule, wimbo ambao yeye mwenyewe ni mmoja wa watunzi wake. Nimezisikiliza moja baada ya nyingine. Katika ile ya kwanza anaimba kama mtu anayedai ajibiwe. Katika ya pili anaimba kama mtu anayejua hatajibiwa. Imepita miaka 9 katikati, lakini siamini kama miaka peke yake inafanya hivyo.

Kwa hiyo swali langu: prodyuza anafanya nini hasa mpaka sauti ya mtu aliyekwisha kukomaa igeuke namna hiyo? Na sisi tunapochagua, tuangalie nini?

Msikilizaji77

Mkuu, nadhani maprodyuza mnawapa sifa zisizo zao. Plant alikuwa amekua, wimbo ukapunguzwa mwendo, Krauss akawa pembeni yake. Hapo lazima aimbe kwa utulivu. Na mkongwe wa country Johnny Cash aliposikika upya mwaka 1994, siri ilikuwa nyimbo nzuri na kutokuwepo kwa bendi ya kumfunika. Sauti ile alikuwa nayo siku zote. Chagueni nyimbo zinazomfaa mwimbaji wenu. Prodyuza mwenye mitambo inayofanya kazi atatosha.

FundiWaMeza

Mkuu Besi, hilo ndilo swali nililoishi nalo kazini. Nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya kumiksi, na wengi niliowarekodi ni watu wazima waliokuja na sauti yao kamili kabla mimi sijagusa kitufe. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Kwanza ndugu Msikilizaji. Angalia ulivyotaja mwenyewe: mwendo ulipunguzwa, bendi haikumfunika mtu, nyimbo zilichaguliwa vizuri. Hayo yote ni maamuzi, na mtu aliyeitwa kuyafanya au kuyasimamia ndiye prodyuza. Tumtendee haki kila mmoja: Plant na Krauss walikwisha kuimba pamoja jukwaani mwaka 2004 kabla Burnett hajaitwa, kwa hiyo wazo la wawili hao si lake. Lake ni nyimbo nyingi alizowaletea na watu aliowaweka chumbani. Jay Bellerose kwenye dramu, Dennis Crouch kwenye besi la kusimama, Marc Ribot kwenye gitaa. Bellerose hupiga dramu kwa sauti nene ya chini, na huacha nafasi kubwa kati ya pigo na pigo. Mbele ya dramu za namna hiyo, Plant angepiga ukelele wake wa mwaka 1969 ili ashindane na nini?

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Koo hufuata sikio. Mwimbaji haimbi kutoka kwenye sauti "aliyonayo". Anaimba kujibu anachokisikia muda huo. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kukusudia, na kelele ikiondoka sauti hushuka yenyewe. Studioni jambo hilo linafanyika ndani ya hedifoni. Ukimjazia mwimbaji magitaa masikioni, atasukuma. Kijana akisukuma anapata nguvu. Mtu wa miaka 61 akisukuma, misuli ya shingo inaingia kazini mahali ambapo pumzi ndiyo ilitakiwa kufanya kazi, nota za juu zinatoka chini kidogo ya panapotakiwa, na ule uzito wa chini uliousifu unapotea kabisa, kwa sababu unaishi kwenye sauti ya wastani tu.

Nilimrekodi mwimbaji mmoja wa rika hilo hilo. Alikuwa anaukaza ubeti wa kwanza mpaka mishipa inaonekana kupitia kioo. Sikumwambia aimbe taratibu, maana ukimwambia mwimbaji mkongwe hivyo, anasikia unamwambia amezeeka. Nilishusha magitaa kwenye hedifoni yake, nikapandisha sauti yake mwenyewe mpaka asikie midomo yake ikiachana. Tukaanza tena bila neno lolote. Maneno yakaanza kukamilika, mwisho wa mistari ukaacha kukatika, na kwenye neno moja la ubeti wa pili alifanya mtetemo ambao baadaye aliniuliza ulitoka wapi. Wenzake waliokuwa wameketi nyuma yangu walidhani nimebadilisha maiki.

Sasa panua jambo hilo hilo mpaka liwe mpango mzima wa wimbo. Mwaka 1977, pale Hansa jijini Berlin, Tony Visconti alimrekodi David Bowie wimbo wa "Heroes" kwa maiki tatu. Moja ilikuwa karibu na mdomo, ya pili kama mita 6 mbele yake, ya tatu kama mita 15, mbali kabisa ukumbini. Zile mbili za mbali aliziwekea geti, yaani kifaa kinachofunga njia ya sauti mpaka sauti ifike ukubwa fulani. Bowie akiimba chini, unasikia maiki ya karibu tu. Akipandisha, ya pili inafunguka. Ili ya tatu ifunguke, ilibidi apaze sauti kweli kweli. Sikiliza wimbo ule ukijua hivyo. Ule ukumbi mkubwa unaofunguka mwishoni unatokana na kupaza kwake kwenyewe. Visconti aliupanga mtambo ili Bowie ayafikie mwenyewe, kwa koo lake, makubwa yaliyotakiwa. Huo ndio uprodyuza ninaouheshimu: unapanga mazingira, halafu mwimbaji anafanya kitu ambacho angeombwa kwa maneno asingekifanya.

Na tofauti uliyoisikia kati ya 1998 na 2007, Besi, ina sababu nyingine ambayo watu huipita. Albini alikuwa hapendi hata kuitwa prodyuza. Aliridhika kuandikwa kwamba amerekodi. Imani yake ilikuwa kwamba bendi ndiyo inayoamua, yeye anashika kwa uaminifu kilichomo chumbani. Basi chumbani mwaka 1998 kulikuwa na Page, gitaa la umeme, dramu za roki, na historia yote ya wawili hao. Plant aliimba kulijibu gitaa la Page, kama alivyofanya tangu ujanani. Albini alikishika kile kilichokuwepo, na alikishika vizuri sana. Burnett alibadilisha kilichokuwepo. Wimbo ulipunguzwa mwendo mpaka ukakaribia dakika 6, na sauti ya Krauss ikawekwa sambamba na ya Plant. Ukiimba sambamba na mtu huwezi kuvuta neno unavyotaka, lazima muanze silabi pamoja na muiachie pamoja. Plant alikuwa na miaka 59 wakati albamu inatoka. Rekodi hiyo ndiyo iliyopewa tuzo ya Grammy ya Rekodi ya Mwaka 2009, na albamu nayo ikawa Albamu ya Mwaka.

Kuna upande wa maiki pia, nitaupita haraka. Maiki nyingi za kuimbia, ukizisogelea sana, huongeza sauti za chini. Mwimbaji akiwa sentimita chache kutoka kwenye maiki anasikika mzito, yuko sikioni mwako. Akirudi nyuma hatua moja anakuwa mtu aliyesimama chumbani. Kompresa, yaani kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, nayo huinua vitu vidogo, kama pumzi, mate, na mkwaruzo wa mwisho wa neno. Kwa mkongwe, vitu hivyo vidogo ndiyo mali. Prodyuza anapoamua umbali wa maiki, anaamua pia msikilizaji amesimama wapi mbele ya mtu huyu.

Mwisho, uone tofauti kati ya kinachofanyika kwenye miksi na kinachofanyika kooni. Bob Dylan alirekodi "Time Out of Mind" mwaka 1997 na prodyuza Daniel Lanois, akiwa na miaka 55. Chumba kilijaa wapigaji, hata wapiga dramu wawili kwa wakati mmoja, na Lanois akaizungushia sauti ya Dylan mwangwi na giza. Albamu ikashinda Grammy ya Albamu ya Mwaka, lakini Dylan hakuridhika na sauti ile, na kuanzia albamu iliyofuata mwaka 2001 albamu zake nyingi amezitayarisha mwenyewe kwa jina la Jack Frost. Mwaka 2023 ikatoka miksi mpya ya nyimbo zile zile, kazi ya Michael Brauer, ambayo imeondoa sehemu kubwa ya ukungu ule. Itafute. Mwangwi umepungua, lakini anavyochelewesha maneno, anavyoyaacha yaanguke nyuma ya pigo, bado vipo vyote, kwa sababu aliyaimba akiwa amezungukwa na wapigaji wale, katika mwendo ule. Brauer angeweza kuosha miksi, ila uimbaji wenyewe ulikwisha kuamuliwa siku zile za kurekodi kule Miami.

Sauti_ya_Pili

Asante Fundi. Mimi nimekuwa mwitikiaji wa bendi kadhaa na sasa naimba mbele, kwa hiyo nitazungumza kutoka upande wa pili wa kioo.

Hedifoni ni kweli tupu. Nikijisikia mdogo napiga kelele, nikijisikia mkubwa nanong'ona. Lakini kuna jambo lingine la mwili ambalo prodyuza mzuri analijua: mikono ya mwimbaji inafanya nini. Prodyuza Rick Rubin alipofanya albamu ya "12 Songs" na Neil Diamond mwaka 2005, alimsisitizia apige gitaa yeye mwenyewe huku anaimba. Wengine wanaweza kudhani ni kwa ajili ya sauti ya gitaa. Hapana. Mtu akipiga gitaa huku anaimba hawezi kutanua mikono, hawezi kuigiza jukwaa. Anaimba kwa ukubwa wa gitaa lililo kifuani pake. Diamond alikuwa mtu wa kumbi kubwa. Gitaa likamrudisha kwenye kiti. Besi, mwimbaji wenu anapiga chombo chochote?

Jambo la pili ni nani anaweza kumwambia mkongwe "hapana". Hili ni zito kuliko maiki. Mwaka 2005 Paul McCartney alitoa "Chaos and Creation in the Backyard" na prodyuza Nigel Godrich, ambaye George Martin mwenyewe, prodyuza wa Beatles, alimpendekeza. Godrich hakutaka bendi ya ziara ya McCartney. Alimfanya apige vyombo vingi mwenyewe na akamkatalia nyimbo. McCartney ameeleza hadharani kwamba hakufurahi kuambiwa hivyo. Sikiliza uimbaji wa albamu ile: hakuna kujipendekeza, hakuna zile sauti za "mnanijua". Anaimba kama mtu anayelazimika kuuthibitisha wimbo. Mwimbaji aliyesifiwa kwa miaka 40 amezungukwa na watu wanaosema ndiyo. Anahitaji sikio moja linaloweza kukataa, lakini likatae kwa kumpenda.

Na onyo. Mamlaka hayo hayo yanaweza kuua. Mwaka 1977 Leonard Cohen alifanya albamu na prodyuza Phil Spector. Spector alizichukua kanda akamiksi bila Cohen kuwepo, na sauti ambazo Cohen alizihesabu kama za kuelekezea tu zikabaki kwenye albamu, zimezamishwa ndani ya ukuta wa vyombo. Cohen alilalamika waziwazi. Linganisha na "You Want It Darker" ya 2016, iliyotayarishwa kwa sehemu kubwa na mwanawe Adam nyumbani kwa Cohen, mzee akiwa amevuka miaka 80 na mwili unauma. Pale kila kitu kinasubiri pumzi yake. Kwaya inaingia anaponyamaza.

Besi_Nyuzi4

Mmenifungua macho wakuu. Dada Sauti, ndiyo, anapiga gitaa la kusindikiza, ila studioni tumezoea kumwambia aache ili aimbe tu. Nimeelewa kwa nini lazima tujaribu kinyume chake.

Kwa mlivyoandika naona jibu ni yule prodyuza wa pili, mwenye vyombo vichache. Nimeelewa sawa?

FundiWaMeza

Hapana, usikimbilie huko.

Albamu ya kwanza ya Cash na Rubin, ile ya 1994, ilikuwa mtu mmoja na gitaa moja, sehemu kubwa imerekodiwa sebuleni kwa Rubin na kwenye kibanda cha Cash mwenyewe. Cash alikuwa na miaka 62, kampuni kubwa zilikwisha kumpa kisogo, na Rubin alikuwa anajulikana kwa rap na kwa roki nzito. Iliwashtua watu kwa sababu miaka mingi walikuwa hawajamsikia bila mapambo. Baada ya hapo mtindo ukageuka vazi. Mkongwe akifika umri fulani anavuliwa bendi, anawekewa gitaa la mbao na kiti kinacholia, ili msikilizaji ajue kwamba sasa anasikiliza jambo la ukweli. Nimeshaombwa kuongeza sauti ya kiti kwenye miksi. Nilikataa. Ukavu ni mapambo kama mwangwi ulivyo mapambo, na kwa mwimbaji ambaye maisha yake yote alikuwa anaijibu bendi, kumvua bendi kunaweza kumwacha hana wa kumjibu.

Mfikirie Tina Turner. Albamu ya "Private Dancer" ya 1984, akiwa na miaka 44 na watu wengi wa biashara wamekwisha kumfunga kitabuni, haikumrudisha nyuma kwenye sauti za asili. Martyn Ware, kijana wa sinthesaiza, alimwekea wimbo wa Al Green juu ya mitambo baridi. Terry Britten akampa mwendo wa chini, wenye nafasi, kwenye "What's Love Got to Do with It", ambao ulifika namba moja Marekani. Rupert Hine alikuwa na nyimbo zake, Carter akatayarisha ule uliobeba jina la albamu, wenye gitaa la Jeff Beck. Albamu moja, koo moja, maprodyuza kadhaa. Weka wimbo wa Britten kando ya ule wa Phil Spector wa 1966, ambapo Tina anapigana na jeshi zima la vyombo na anashinda kwa kupasuka. Kwa Britten hapigani na mtu. Ukwaruzo wake unasikika kwa sababu vyombo vinavyomzunguka ni laini na vimenyooka, havina ukwaruzo wowote. Angewekewa magitaa machafu, ule mkwaruzo ungejificha ndani yake.

Kwa hiyo prodyuza wako wa kwanza, mwenye vitu vinavyong'aa, anaweza kuwa ndiye. Mng'ao laini kando ya koo lenye mchanga ni jambo zuri. Ninachomwogopea ni magitaa tabaka juu ya tabaka, maana hayo hukaa kwenye masafa yale yale ya sauti ya mwanamume anapokaza, na hapo mtaanza kumwomba asukume.

Mnachoweza kufanya ni hiki. Chagueni wimbo mmoja, mrekodi na kila mmoja wao kwa siku moja, mlipie siku hizo. Msisikilize miksi. Ombeni sauti ya mwimbaji peke yake, bila chombo chochote, kutoka kwa wote wawili, mzisikilize zikiwa uchi. Mng'ao wa studio hautakuwepo kuwadanganya. Mtasikia tu mtu huyu aliimbaje alipokuwa na prodyuza huyu, na aliimbaje alipokuwa na yule. Na siku hiyo angalieni prodyuza anafanya nini nota ya juu inapokataa. Akisema "tutairekebisha kwenye kompyuta", mmeshajua mtakachopata. Akiuliza kama wimbo unaweza kushushwa kii, yaani kimo cha sauti unapoimbwa, au akimwomba alitazame lile neno upya, keti naye.

Msikilizaji77

Bado nasema nyimbo kwanza. Lakini nimeitafuta ile miksi ya 2023 ya Dylan jana usiku na nimeikubali hoja ya Fundi kuhusu uimbaji uliokwisha kuamuliwa. Nilikuwa nadhani ule uchovu wa sauti ni mwangwi wa Lanois. Umeondolewa na uchovu bado upo, tena unauma zaidi.

Sauti_ya_Pili

Kuhusu kii, nyongeza moja. Mshushe wimbo mapema, wiki kadhaa kabla ya kurekodi, msifanye siku ile ile. Koo lina kumbukumbu. Nimeimba wimbo miaka kwenye kii moja, ukishushwa ghafla mwili unaendelea kujiandaa kupanda mahali ambapo hakuna tena mlima, na neno linatoka limekakamaa. Pia msishushe sana. Ukimshusha mpaka nota ya juu kabisa iwe rahisi, wimbo unapoteza ile sehemu ambayo msikilizaji anaogopa pamoja na mwimbaji. Acheni nota moja ambayo lazima aiwanie.

Besi_Nyuzi4

Tumekubaliana kwenye bendi: siku moja kwa kila prodyuza, wimbo mmoja, kii imeshushwa kwa toni moja, na yeye anapiga gitaa huku anaimba. Mwenyewe alisita kidogo kuhusu sauti kusikilizwa peke yake, halafu akasema sawa. Fundi, kwa upande wangu kama mpiga besi, kuna lolote la kuandaa?

FundiWaMeza

Lipo, na nimefurahi umeuliza, kwa sababu wapiga besi huwa hawaulizi.

Mwimbaji wenu sasa anaishi chini, na wewe unaishi chini. Uzi wako mnene ukiwa wazi unatoa 41 Hz (mitetemo 41 kwa sekunde), lakini sikio linaushika zaidi kwenye 82 na 123, na hapo ndipo sauti nene ya mwanamume inapoanzia. Ongeza maiki ya karibu inayovimbisha eneo hilo hilo, mtakuwa wawili kwenye mlango mmoja. Prodyuza akichoka kupambana nanyi ataikata sauti yake upande wa chini ili wewe upite, na ule uzito uliokufanya uanzishe mada hii utaishia hapo.

Kwa hiyo kwenye beti, shuka oktava pale unapoweza, piga nota chache, na uziachie kabla hajaanza mstari. Ile mistari yako ya kutembea, ya nota nyingi zinazofuatana, ihamishie kwenye kiitikio, ambako yeye anapanda na kukuachia nafasi. Weka nyuzi ambazo hazing'ai sana, au kipande cha sponji karibu na daraja la besi, nota zife mapema. Fanya mazoezi hivyo na yeye pekee, wewe na yeye na gitaa lake, bila dramu. Kisha tuletee majibu ya zile sauti mbili zikiwa uchi.